Opalere Mbele ya Maternite

Kaeni upande wangu wa kuume, watoto wangu. Upande wa kushoto mutajichosha bure: lile sikio lilibaki kazini, na serikali haijanirudishia mpaka leo. Chai inakuja, binti yangu anaitayarisha. Mimi nitaongea, nyinyi mutakunywa, na mwenye kuandika aandike, lakini asiandike kitu chenye sikusema. Sababu yake mutaijua.

Nimeambiwa mumeapishwa kuwa mawisie. Hongera, na poleni. Wisie njo ule muntu wa tribinale mwenye kupeleka karatasi: jaji anaandika, karani anapiga mashini, wisie anatembea. Hakuna muntu anafurahi kumuona. Mbwa wa Kindu walinijua kwa harufu. Katika miaka yangu yote nilikaribishwa kwa heshima mara moja tu, wakanichinjia kuku, wakanitandikia mukeka mupya, na ilikuwa makosa: walifikiri nimetumwa kuposa binti yao. Nilikula kwanza, halafu nikatoa karatasi. Musinitazame hivyo, nilikuwa nimetoka mbali na baiskeli.

Mambo nitakayowaambia hayako ndani ya vitabu vyenu. Ukifika kwa muntu, muke wake akasema bwana iko Kailo, tazama viatu mulangoni. Nani anaenda Kailo bila viatu? Ukimukosa kweli, karatasi usimuachie muke mwenye kukasirika na bwana yake, ataiwashia moto wa kupikia. Wala usimuachie muke mwenye kumupenda sana, ataificha chini ya kitanda. Muachie mama mukwe. Mbele ya jua kuzama mutaa muzima utakuwa umeisoma, hata wenye hawajui kusoma.

Na ule wakati tulipoambiwa tuache majina ya wazungu, weee! Napeleka karatasi ya Joseph, Joseph mwenyewe ananifungulia mulango, ananiambia: "Joseph alikufa, Sitwaye. Serikali njo ilimuua. Mimi sasa niko Lukogo, na Lukogo hana kesi na muntu." Utamujibu nini? Wakati ule hakukuwa Bwana wala Bibi, sisi wote tulikuwa Sitwaye na Sitwayeni, njo kusema raia, kwa amri.

Mwalimu wangu aliitwa Muzee Lutumba. Alijifunza kazi tangu wakati wa Wabelgiji, na alikuwa na mazoea yenye mawisie wengine waliyacheka: kila karatasi aliisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, neno kwa neno, tangu juu mpaka chini, kama sheria inavyotaka. Sisi wengine tulikuwa tunamutupia muntu karatasi na kukimbia. Yeye hapana. Alikuwa akisema: "Muntu anaitwa na sauti, haitwi na karatasi." Na chini ya karatasi, pale wisie anapoandika alifika wapi na alisema na nani, alinifundisha: "Usiandike kile unajua. Andika kile jicho yako iliona na sikio yako ilisikia. Basi."

Nilimusikiliza? Wapi! Mwezi wangu wa kwanza nilitumwa Kailo kumuita muntu mumoja kwa kesi ya shamba. Baiskeli ikatoboka mupira njiani, jua likanichoma, nikamuachia karatasi yake muntu mumoja niliyekutana naye njiani, aliyeniambia ni jirani. Halafu nikakaa chini ya kivuli, nikaandika vizuri sana: "Nikiwa nyumbani kwake Kailo, nikisema na yeye mwenyewe, mwenye afya njema." Ile afya njema niliiongeza kwa kupenda kwangu, niliona inapendeza. Siku ya kesi akaingia mujane, amefunga kitambaa cha kilio. Bwana yake alikuwa kaburini tangu juma mbili mbele ya safari yangu.

Jaji akanitazama juu ya miwani. "Wisie, ulisema naye mwenyewe?"

"Ndiyo, Sitwaye Jaji."

"Alikujibu nini?"

Nikatafuta jibu darini, nikatafuta chini. Nikasema: "Alikuwa muntu wa kunyamaza, Sitwaye Jaji."

Tribinale nzima ilicheka. Hata mwizi wa mbuzi aliyekuwa anangoja kesi yake alicheka mpaka askari akamupiga kiwiko. Muzee Lutumba peke yake hakucheka. Kesho yake alinipeleka Kailo kwa miguu, akanisimamisha mbele ya yule mujane nimuombe radhi, halafu mbele ya kaburi, nimuombe radhi na marehemu. Nilisikia haya yenye sijapata kusikia tena. Pale pale niliapa kwamba sitaandika tena kitu chenye sikuona na sikusikia. Kiapo kile kilikuja kumuletea Komisere wa Zone, mukubwa wa serikali hapa mujini, taabu, njo habari niliyowaitia.

Nyinyi hamukuiona opalere. Ilikuwa pembe kubwa ya chuma, kinywa chake kama beseni ya kuogeshea mapacha, imefungwa juu ya nguzo mbele ya biro ya Zone. Chama kilikuwa kimoja, Chama njo serikali, serikali njo Chama, na ulikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yako, bila kuulizwa. Basi Chama kilipenda wanachama wake wasikie. Bendera ikipanda tu asubui, moteri ya umeme inawashwa, na opalere inaanza: nyimbo za kumusifu Kiongozi, hotuba, tena nyimbo, mpaka saa sita. Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa. Ilikuwa inakwama mahali pamoja, ikaimba "oye, oye, oye, oye" mpaka mwenye kuendesha moteri aende kuipiga teke. Mchana wafanyakazi wote wanaletwa pale kwa animasyo, kucheza na kupiga ngoma kwa lazima. Mimi nilicheza. Nilicheza vibaya, lakini nilicheza.

Ngambo ya pili ya barabara, hatua kama makumi tatu, ilikuwa maternite, nyumba ya kuzalishia.

Na kwenye ukuta wa maternite, watoto wangu, palikuwa amri imebandikwa: "Ni marufuku kupiga makelele mbele ya hospitali na maternite. Mwenye kuvunja amri hii ataadhibiwa." Imetiwa sahihi na Komisere wa Zone mwenyewe, na kashe yake, ule muhuri wa Zone, juu. Musifikiri ilikuwa karatasi ya bure. Ilifanya kazi! Fundi wa kutengeneza sufuria alifukuzwa pale juu ya nyundo yake. Mama mumoja alikamatwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya ukuta, akalala polisi na mutwangio wake. Jogoo mumoja alikamatwa juu ya kuwika. Yule hakuonekana tena, na askari walisema anaendelea na uchunguzi. Mukuki kwa nguruwe, wazee wanasema, na nyinyi munajua mwisho wake.

Ndani ya maternite alikuwa Mama Amisa, muzalishaji. Mwanamuke mufupi, mwenye kusema kidogo, mikono yake mikubwa kuliko ya mwanaume. Hakuwa na mashini. Alikuwa na kipembe cha muti, kirefu kama kiganja: upande mumoja anaweka juu ya tumbo la mama, upande mwingine anaweka sikio lake, na pale anasikia moyo wa mutoto. Moyo ukikimbia vizuri, anangoja. Moyo ukianza kuchoka, anamuita munganga wa hospitali mbio, juu mutoto anakufa. Hiyo njo ilikuwa akili yote ya maternite ya Kindu: kipembe, sikio, na kimya. Kipembe na sikio vilikuwapo.

Alinielezea yeye mwenyewe kitu kilichomufikisha tribinale. "Muke wa mukata tiketi wa gare ya treni alikuja asubui, tumbo yake nzuri, mutoto anacheza. Nikaweka kipembe, nasikia oye, oye. Naweka tena, oye, oye. Nikajisemea, ngoja kidogo, kanda itaisha. Kanda ikaisha. Nikaweka kipembe, sikusikia kitu. Alikuwa mutoto wa kike. Alikuwa na nywele mingi." Akakifuta kile kipembe na kitenge chake. "Si kipembe kilikosa, kaka. Si sikio yangu."

Nilimusikiliza neno kwa neno, juu Zaina, muke wangu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikwisha vibaya. Tulikuwa hatujasikia bado sauti ya mutoto wetu nyumbani. Siku moja nilimusindikiza kwa Mama Amisa asubui. Nikamuomba niweke sikio na mimi, nisikie mutoto wangu. Nikainama. Ndani ya tumbo la muke wangu nikasikia kwaya nzima inamusifu Kiongozi.

"Mama Amisa," nikasema, "mutoto anaimba!"

"Hata mimi namusikia kuimba kila asubui," akanijibu. "Moyo njo sisikii."

Hakukimbilia tribinale, musifikiri alikuwa mugomvi. Alienda polisi, wakamuambia opalere ni ya Chama, aende kwa Chama. Chama kikamuambia amri ya makelele ni ya Zone, aende Zone. Zone ikamuambia wenye kukamata watu wa makelele ni polisi. Akarudi polisi, wakamupa kiti, wakamuambia angoje, na juu ya kichwa chake opalere ya pili ilikuwa inawaka.

Ndipo akaenda kwa muzee mwenye kuwapigia watu barua na mashini kwenye baraza ya posta. Akamusomea barua fupi aliyoitunga kichwani, na mimi niliishika kwa mikono yangu: "Sishtaki Chama. Sishtaki opalere. Naomba tu tribinale imuambie mukubwa wa Zone atii mukubwa wa Zone." Muzee wa mashini aliipiga huku anatazama barabara. Alipomaliza akatoa ndani ya mashini utepe wa wino, wenye alama za yale maneno, akautia mufukoni, akafunga kazi, akaenda kumuona dada yake kule kijiji cha Tunda kwa mwezi muzima.

Jaji wetu alikuwa Mukendi, muntu wa Kasai, mwembamba, mwenye kusoma sheria hata wakati wa kula. Aliisoma ile barua mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. "Hii karatasi haina kosa hata moja," akasema. "Njo shida yake."

Kesi ikafunguliwa. Komisere hakuja, alimutuma musaidizi wake, kijana wa abakosti mupya, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, kola imemubana shingo mpaka sauti inatoka nyembamba. Huyo akaeleza kwamba makelele ni sauti yenye haina ruhusa. Sauti ya opalere iko na ruhusa. Kwa hiyo si makelele, ni furaha. Akaleta na mushahidi, yule mwenye kuendesha moteri. Masikini ya Mungu, alikuwa amekaa miaka chini ya ile nguzo.

"Unasikia makelele pale kazini?" jaji akamuuliza.

"EEH?"

"Nasema, unasikia makelele?"

"SISIKII KITU, SITWAYE JAJI!" Njiwa waliruka kwenye paa. "PALE KIMYA KABISA! TANGU MWAKA JANA KIMYA KABISA!"

Musaidizi akakaa, akaona ameshinda.

Jaji Mukendi akaamua tribinale iende yenyewe pale barabarani kusikiliza. Sheria inataka Zone ijulishwe mbele, na mwenye kuijulisha alikuwa mimi. Niliipeleka ile karatasi kama ng'ombe anayejipeleka kwa muchinjaji. Siku yenyewe tulifika, jaji amevaa joho, karani na daftari, mimi nyuma na kiti. Moteri imefunikwa turubai. Barabara imefagiwa. Opalere inatazama mbingu, haina hata pumzi. Tulisimama pale saa nzima. Karani aliandika: "Tumesikia kuku. Tumesikia treni, mbali." Hapakuwa na kingine cha kuandika.

Mama Amisa alisimama kwenye mulango wa maternite, kipembe mukononi. Nikamukaribia, nikamuambia pole.

"Pole ya nini? Leo nimesikia mioyo minne, yote mizuri. Muambie jaji akuje kila siku."

Tulipokunja tu kona, opalere ikawaka nyuma yetu. Jaji hakugeuka. Lakini mimi niliona mabega yake yakishuka.

Sasa Zone ikapanda juu. Ikaiandikia tribinale kwamba huyu mwanamuke amesema uongo, tribinale yenyewe imesikia kuku tu. Na mwenye kusema Chama kinapiga makelele amekitukana Chama, kwa hiyo kesi ikifutwa, yeye akamatwe. Nyinyi munasikia hayo munacheka. Sisi hatukucheka. Watu walikuwa wanaenda gereza kwa kukosa kupiga makofi. Mama Amisa aliendelea kuja kazini, lakini alianza kuniambia mambo kama muntu mwenye kusafiri: kipembe kinakaa kwenye sanduku gani, Zaina asilale chali, na maumivu yakianza tusingoje.

Kikabaki kikao cha mwisho. Nikapewa karatasi ya kumuita Komisere. Muzee Lutumba alikuwa amezeeka, anakaa tu pembeni ya biro yetu akishona mafaili na uzi. Akaniita.

"Unaipeleka saa ngapi?"

"Mchana, Muzee, wakati kumetulia."

"Peleka asubui. Na usome."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa hila ao mazoea. Nilimuuliza mbele ya kufa kwake, akanijibu: "Sheria inasema kusoma." Muzee yule!

Lakini mbele ya kuingia kwa Komisere lazima muijue kashe yake. Komisere yule aliamini kwamba karatasi bila kashe ni sawa na muntu bila suruali. Hakuna karatasi ilitoka mezani kwake bila kupigwa. Nimeona na macho yangu kikaratasi cha kumutuma planto, tarishi wake, anunue sigara: sahihi, tarehe, kashe. Mukono wake ulikuwa unaenda kwenye kashe peke yake, kama wa muntu mwenye kujikuna.

Nikaingia asubui. Opalere inawaka, madirisha yanatetemeka, chai ya Komisere inacheza ndani ya kikombe. Biro ilijaa watu wenye kungoja. Nikanyoosha karatasi. Angeipokea tu, kesi ingekuwa imekwisha na Mama Amisa angelala gereza. Lakini alitaka watu wote waone kwamba yeye haogopi karatasi ya muzalishaji. Akajiegemeza kwenye kiti, akanipigia ishara na kidole: soma.

Nikasoma.

"Eeh?" akasema.

Nikasoma kwa nguvu. Akaweka mukono nyuma ya sikio. Akamuambia planto afunge dirisha; planto naye hakusikia, akaleta maji. Dirisha likafungwa mwishowe, tukaanza kutoka jasho, na "oye, oye" inapita hata kwenye tundu la ufunguo. Nikasogea mpaka kando ya meza, nikalia kama muntu anayeuza samaki: "UNAITWA! MBELE YA TRIBINALE! KWA KESI YA MAKELELE!"

"KESI YA NANI?"

Watu wakaanza kujifunika vinywa. Komisere akakasirika. Akavuta karatasi ya Zone, akaandika haraka haraka, akatia sahihi. Na mukono wake, wenyewe, bila kumuuliza, ukaenda kwenye kashe. Pa! Akanitupia.

Ilikuwa imeandikwa: "Makelele ya opalere imezidi. Sisikii hata neno moja. Rudi saa sita wakati watazima."

Nikatoka, nimekitia mufukoni. Nikarudi saa sita, nikamusomea yote, akasikia, akacheka, akapiga kashe. Kazi yangu imekwisha. Sasa niandike nini chini ya karatasi? Mawisie wote wa Zaire wangeandika: "Amepokea mwenyewe." Mistari miwili, unaenda kula. Kile kikaratasi ningekiwashia sigara. Nilikuwa na muke mwenye mimba kubwa, nilikuwa na kazi, na nilikuwa muoga, niwaambie kweli, nilikuwa muoga sana. Nikakaa mbele ya meza mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Nikamukumbuka marehemu wa Kailo na afya yake njema. Nikamukumbuka mutoto wa mukata tiketi, mwenye nywele mingi. Nikaandika:

"Nikiwa kwa biro ya Zone, asubui, nikisema na Komisere mwenyewe, mwenye hakusikia juu ya makelele ya opalere, kama vile ameandika na mukono wake kwenye karatasi hii ninayoifunga hapa. Nikarudi saa sita, akasikia."

Muzee Lutumba akaisoma. Akashona kile kikaratasi ndani ya faili na uzi mara mbili, kusudi kisianguke.

Siku ya kikao Jaji Mukendi alikisoma polepole, kwa sauti, pamoja na tarehe. Musaidizi wa Zone akaruka: "Hiyo si kweli!"

"Mukono si wa Komisere?"

Kijana akasogea kuutazama mwandiko, akarudi mahali pake.

"Kashe njo ya uongo?"

Kijana akaivuta kola. Angefanya nini? Akisema kashe ya Zone ni ya uongo, vyeti vyote vya Kindu vimekufa, hata karatasi yake yeye ya kupewa kazi. Kola ikamubana zaidi.

"Zone, kwa kinywa, inasema makelele haiko," jaji akasema. "Zone, kwa kashe, inasema makelele iko, na imezidi. Tribinale inaamini kashe." Na akaamuru Zone itimize amri yake yenyewe mbele ya maternite. Watu walipiga makofi mpaka wakakumbuka kwamba makofi ni ya Chama, wakaacha. Mama Amisa hakupiga. Alinyoosha mukono akauliza: "Kuanzia saa ngapi?"

Zone ilitii. Musiseme serikali haitii! Siku ya tatu watu wa salongo, ile kazi ya lazima, wakaing'oa nguzo kwa nyimbo, wakaibeba kwa nyimbo, wakaisimika mahali papya: mbele ya tribinale, hatua sita toka dirisha langu. Amri ilikataza makelele mbele ya hospitali na maternite. Haikuitaja tribinale hata mahali pamoja. Jaji Mukendi alicheka mpaka akatoka machozi, akasema hata hii haina kosa.

Tangu pale haki ya Kindu ilitolewa kwa kupiga kelele. Bwana na bibi mumoja walikuja kuachana, hawakusikia matusi waliyotukanana, wakarudi nyumbani pamoja. Komisere aliniacha kazini. Alisema wisie mwenye kusoma vizuri hivyo asihamishwe mahali pake, na meza yangu isihamishwe dirishani. Jaji yeye alipandishwa cheo, akatumwa Kampene, mbali ndani ya pori, na kila muntu alielewa kupanda kule ni kwa namna gani. Miaka ikapita. Dirisha lilikuwa upande wangu wa kushoto.

Sasa nimalize. Juma tano nyuma ya nguzo kuhamishwa, maumivu yakamukamata Zaina. Asubui, saa zile zile za "oye". Tulifika maternite, nikasikia nyayo zangu mwenyewe kwenye simenti. Mama Amisa akaweka kipembe, akafunga macho. Halafu akaniita: "Kuja, baba. Ulikuwa unataka kusikia."

Nikaweka sikio la kushoto, wakati ule lilikuwa zima bado. Nikamusikia. Ka-ka-ka-ka, mbio, kama muntu anayechelewa treni. Nililia pale pale, sioni haya kuwaambia. Mama Amisa akanisukuma, akasikiliza tena, muda mrefu. Uso wake ukabadilika. "Anachoka," akasema. "Kimbia kumuita munganga. Kimbia!" Nilikimbia kama sijapata kumukimbilia muntu na karatasi. Kamba ya kitovu ilikuwa imemuzunguka shingo mara mbili. Munganga alifika kwa wakati, juu muntu alisikia kwa wakati.

Wengine wananiuliza kama sina uchungu na sikio langu. Ninao, wakati wa mvua linaniuma. Lakini opalere ilikula lile sikio kidogo kidogo, na lilikuwa limekwisha kusikia kitu chake.

Chai imefika. Huyu anayewaletea njo Amisa mwenyewe, tulimupa jina la muzalishaji wake. Mupokeeni sinia, ni nzito. Na kesho mukipeleka karatasi yenu ya kwanza, musome kwa sauti.